Droo Tatu Bila Kabati

Jumatatu, 9 Aprili 1984

Theluji tena! Aprili hii, na bado theluji. Nilikuwa nashona mapazia ya mke wa mchungaji — ya jikoni, ya bluu, atayachukia, najua — mlango ukagongwa. Msichana mwenye miwani na koti la manjano. Bi Lubbers, wa makumbusho ya mji. Nikadhani naye anataka mapazia.

Anataka droo zangu.

Mwezi ujao wanafungua maonyesho ya sampuli. Vile visamani vidogo ambavyo wauzaji wa viwanda vyetu walikuwa wakibeba kwenye masanduku, duka hadi duka, enzi ambazo hakuna ambaye angeweza kumbebea mtu kabati zima kutoka hapa Zeeland hadi Iowa. Amesikia Baba alikuwa mmoja wa wauzaji hao. Amesikia kuna kitu kilibaki kwangu. Nikamletea. Droo tatu, ile kubwa kabisa haizidi urefu wa mkate. Ndani nimeweka vifungo na nyuzi. Akazipindua moja moja, vifungo vikamwagika hadi chini ya meza, wala hakujali. Akatazama pembeni, pale meno ya mbao yanapoumana bila msumari hata mmoja, akasema mmh, mmh, kama anayeonja supu.

Kisha akauliza.

"Na kabati lenyewe liko wapi, Bi Terpsma?"

Kwa mdogo wangu Wiebe, nikamwambia. Mtaa wa nyuma ya kanisa.

"Ah! Basi ni hapo tu!"

Hapo tu, ndiyo. Ukitupa jiwe linafika. Mimi sijafika tangu Baba azikwe, na huu ni mwaka wa kumi na moja.

Akaniambia makumbusho hayaonyeshi droo tupu wala kabati tupu. Ama kizima ama basi. Ataenda kuzungumza na Wiebe. Nikamwambia nenda, Mungu akutangulie. Shangazi Dena alikuwa amekaa pembeni na kahawa yake, akacheka mpaka akapaliwa. Ana miaka themanini na minane na anaishi nami tangu mumewe afariki, na kwa jambo hili hana aibu hata kidogo, ingawa yeye ndiye aliyelianzisha!

Jumanne, 10 Aprili

Usingizi haukuja vizuri. Nimejikuta nafikiria siku ile.

Tulikuwa tumekaa kwenye meza ya Baba, tumetoka kumzika, mikate ya nyama ya nguruwe bado iko kwenye sinia. Vitu vyote tuligawana kwa amani. Vitanda, saa, Biblia ya Kiholanzi, ngazi. Tulifika kwenye kikabati. Wiebe akasema ni chake, yeye ndiye fundi, yeye ndiye aliyeingia kiwanda kile kile cha Baba na kumeza vumbi lake. Mimi nikasema ni changu. Mimi ndiye niliyesafiri nacho! Majira mawili ya joto, Mama alipokuwa mgonjwa, Baba alinichukua garini, Ohio, Indiana, hoteli zenye mashuka ya kukwaruza. Kazi yangu ilikuwa moja. Baba alikuwa akimwambia mwenye duka: "Sasa mtazame binti yangu." Nami nasukuma droo ya juu, pole pole, kwa kidole kimoja, na ile ya chini inatoka yenyewe kidogo, kwa sababu hewa haina pa kupita. Ndivyo zilivyokuwa zimekaa sawasawa. Baba anasema: "Mnaona? Linapumua." Wenye maduka walikuwa wanacheka kama watoto, halafu wanaagiza.

Basi tulibishana. Tukapaza sauti. Shangazi Dena akapiga meza kwa kijiko: "Kama ni hivyo kigawanywe! Mmoja achukue kabati, mwingine achukue droo!"

Alitarajia mmoja wetu apige kelele kwamba hapana, mpe mwenzangu, kisikatwe. Amesoma habari za Mfalme Sulemani tangu utotoni, na sisi pia. Lakini Wiebe alinyamaza, mimi nikanyamaza. Nikavuta droo zangu tatu nikazitia kwenye mkoba. Yeye akabeba kabati lenye mashimo matatu. Tukatoka kwa milango tofauti.

Leo Shangazi kasema tena, kama anavyosema kila mwaka: "Sulemani alimpata mama mmoja mwenye huruma. Mimi nilipata vichwa vigumu viwili vya ukoo wa Terpsma."

Jumamosi, 14 Aprili

Siwezi kushona. Nimejichoma kidole mara mbili.

Nilikuwa dukani, kwenye unga, Geneva akaja na kikapu chake. Mke wa Wiebe. Mimi na yeye tunasalimiana, hatuna ugomvi, ni mtu mwema na keki zake za lozi zinashinda zangu, ingawa sijawahi kumwambia. Akasimama karibu sana. Akasema ni afadhali nisikie kwake kuliko kwenye ngazi za kanisa. Wanahama. Arizona! Mapafu ya Wiebe — vumbi la mbao, miaka yote ile kwenye mashine — daktari anataka hewa kavu. Nyumba imeshapata mnunuzi. Mwisho wa Mei wanaondoka.

Na mimi nilimjibu nini?

"Unga umepanda bei."

Mungu wangu. Mdogo wangu anaondoka kwenda jangwani na mapafu yake mabovu, na mimi namwambia mkewe unga umepanda bei! Geneva akanitazama, akanigusa mkono, akaenda zake kwenye siagi.

Jumapili, 15 Aprili

Siandiki sana Jumapili. Ila hili.

Yeye hukaa upande wa kulia, mimi wa kushoto. Asubuhi na jioni, mara mbili kila Jumapili, miaka yote hii. Tunaimba zaburi zile zile. Tukikutana mlangoni tunaitikiana kwa kichwa, kama watu waliokutana benki. Sikuwahi kuona ubaya wa jambo hili. Alikuwepo. Nikigeuza kichwa kidogo naona sikio lake, masikio ya Baba yale, makubwa.

Leo nilihesabu viti vyote vya upande ule na kujaribu kuona patakavyokuwa bila yeye. Mahubiri sikuyasikia. Alikohoa mara nyingi mno.

Jumatano, 18 Aprili

Nilipiga simu.

Nilisubiri Shangazi alale mchana. Nikazungusha namba, wala sikuitafuta, kumbe naijua. Ikaita. "Haloo?" Sauti yake, kavu. "Haloo, nani?" Halafu akasubiri. Mimi nikasubiri. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri kabisa juu ya makumbusho, kwa ajili ya heshima ya Baba, bila kulaumiana. Ikapotea yote. Nikaweka simu chini!

Muda si mrefu ikalia. Nikadhani ni yeye! Shangazi akatoka chumbani na soksi, akashika simu kabla sijasogea. Mke wa mchungaji. Anauliza kama bluu ile inaweza kuwa kijani.

Jumanne, 24 Aprili

Bi Lubbers amerudi. Maskini, amechoka, viatu vimejaa tope. Amekuwa akienda na kurudi kati yetu kama mpira.

Anasema Wiebe alimkaribisha vizuri, akamwonyesha kikabati, kinang'aa, kiko juu ya rafu sebuleni. Yuko tayari kukitoa. Kwa sharti moja. Mimi mwenyewe nimwombe.

"Mwambie na mimi nitazitoa droo," nikasema. "Akiniomba yeye. Mimi ndiye mkubwa."

Akavua miwani, akaifuta. "Bi Terpsma, mimi nilisomea historia. Kusuluhisha watu sikusomea."

Shangazi Dena akamwongezea kahawa bila kuulizwa. Anampenda msichana huyu.

Kisha ndipo akanionyesha picha. Amepata kikabati kingine, mji wa jirani, mwenyewe yuko tayari kukiazimisha. Maonyesho yanafunguliwa Ijumaa tarehe kumi na moja, hawezi kungoja ukoo wetu. Nikaitazama ile picha. Jamani! Ni kitu cha kuchezea mwanasesere! Maua yamechorwa mbele, droo zimepigiliwa misumari, mbili kati yake hata hazifunguki, ni mbao tu iliyobandikwa vishikizo. Nikamwambia: hii haikuwahi kuuza chochote kwa mtu yeyote. Mwenye duka angevuta droo hii mara moja na kumtoa muuzaji nje.

Akasema kwa upole kwamba wageni wengi hawatajua tofauti.

Hilo limeniuma kuliko yote. Watasimama mbele ya kile kikaragosi, chini pameandikwa jina la kazi ya Baba, nao hawatajua. Na Wiebe atakuwa Arizona. Na mimi nitakuwa hapa na vifungo vyangu.

Nimekasirika. Nimemkasirikia Bi Lubbers, ambaye hana kosa. Nimemkasirikia Wiebe. Angeniomba tu! Sentensi moja! Dada, naomba droo. Ningempa na sukari juu.

Alhamisi, 3 Mei

Ole wangu.

Wiki hii ni ya usafi wa msimu. Mtaa mzima magodoro yako nje, mazulia yanapigwa, madirisha yanaoshwa nje na ndani, atakayekutwa na vumbi baada ya maua kuchanua hana uso wa kuonyesha kanisani. Shangazi ametawala nyumba tangu Jumatatu. Amepanda kiti kufuta juu ya milango! Nimemshusha mara tatu.

Leo nilikwenda kutundika mapazia kwa mke wa mchungaji. (Ya kijani. Sasa anaona bluu ingekuwa bora.) Niliporudi nilikuta droo zimepangwa barazani nje, juani, zinachuruzika. Vifungo vyote kwenye bakuli la supu. Brashi ya kusugulia sakafu pembeni.

"Zilikuwa chafu," Shangazi akasema.

Maji ya moto na sabuni! Kasugua ndani na nje! Vanishi ya zamani, ile rangi ya asali aliyoipaka fundi kabla mimi sijazaliwa, imegeuka nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Ile droo kubwa imefungua meno upande mmoja na sakafu yake imevimba katikati. Nikaishika, maji yakanitiririkia hadi kwenye kiwiko.

Nilipiga kelele. Nilimpigia kelele mwanamke wa miaka themanini na minane, hapo barazani, na majirani wote wako nje na mazulia yao. Yeye akanitazama tu, mikono imekunjwa juu ya aproni.

"Mbao hukauka," akasema.

Ijumaa, 4 Mei

Zimekauka. Zile mbili ndogo zimenusurika, zimekwaruzika tu. Ile kubwa imepinda. Nimeiweka chini ya Biblia na kamusi — haikusaidia. Nimeipeleka karibu na jiko — ikalia, tk! — nikaiondoa haraka.

Nimekaa nayo mapajani jioni yote. Ninajua ni mtu gani anayeweza kuitengeneza. Kila mtu katika mji huu anajua. Alikuwa akitengeneza viti vya kanisa kwa mkono hata alipokuwa hawezi tena kupanda ngazi bila kupumzika.

Niandike ukweli, kwani hapa nani ananisoma. Si kikabati. Zamani ilikuwa kikabati, sasa sijui hata kama kilikuwa kikabati siku ile. Nataka ndugu yangu. Nampenda yule mjinga na masikio yake, na sitaki aende Arizona akafie huko huku tunaitikiana kwa kichwa. Basi. Nimeandika. Kuandika ni rahisi.

Jumamosi, 5 Mei

Shangazi Dena amepiga simu. Mimi nilikuwa jikoni na mikono kwenye unga. Kwa kuwa hasikii vizuri, huongea na simu kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, kwa hiyo sikulazimika kunyata.

"Wiebe? Ni shangazi yako. Nimeharibu droo za baba yako... Nimeziharibu, nimesema!... Kwa maji... Ya moto, ndiyo, ungeoshea nini wewe?... Usinipigie kelele, mtoto, dada yako ameshanipigia za kutosha... Hapana, hakuniambia nikupigie. Hajui. Yuko jikoni anasikiliza."

Akaweka simu.

"Anakuja?" nikamwuliza.

"Hakusema. Alikohoa, halafu akakata."

Akachukua kitambaa akaanza kufuta simu.

Nikamtazama. Jambo hili limekuwa likinikereketa tangu juzi. Huyu ni binti wa fundi samani, dada wa muuzaji samani, mjane wa mpaka vanishi. Maisha yake yote amepita kati ya mbao. Maji ya moto na mbao ya zamani — asijue?

"Shangazi," nikasema, "ulifanya makusudi?"

"Zilikuwa chafu," akasema.

Jumapili, 6 Mei

Ninaandika, Jumapili au si Jumapili. Kama ni dhambi, nitaitubu usiku wa leo pamoja na nyingine.

Amekuja!

Baada ya ibada ya asubuhi. Tulikuwa tumeweka kahawa na mikate ya nyama, kama kila Jumapili, Shangazi akaweka vikombe vitatu, nikamwambia viwili vinatosha, hakuviondoa. Gari likasimama. Nikamwona kwa dirisha anatoka taratibu, anapumzika akishika mlango wa gari, suti yake ya kanisani inamning'inia. Amekonda. Kwapani ana sanduku la Baba. Lile lile, la ngozi nyeusi, kona zimevaa shaba. Sikujua kama bado liko.

"Nimekuja kumsalimu Shangazi," akasema mlangoni. Hiyo inaruhusiwa Jumapili. Kumsalimu mzee.

"Kahawa?" nikasema mimi.

"Ndiyo."

Maneno yetu ya kwanza. Nikaweka maziwa na vijiko viwili vya sukari kabla hajasema. Akaona. Akanywa.

Kisha akaomba kuziona. Nikazileta kwenye sinia, naona haya kana kwamba ni mtoto mgonjwa niliyeshindwa kumtunza. Akaishika ile kubwa, akaipeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye meno.

"Nani kafanya unyama huu?"

Shangazi Dena akainua mkono kama mwanafunzi.

"Na sabuni?"

"Ya kijani. Ile nzuri."

Wiebe akaanza kucheka. Hakutaka, nilimwona anajizuia, lakini kikamtoka, kikageuka kikohozi, kirefu, kibaya, nikajikuta nimesimama nyuma yake mkono mgongoni. Mifupa mitupu. Kilipopoa, nikauondoa mkono. Yeye akafungua sanduku.

Jamani, kikabati! Nilikuwa nimekisahau kilivyo kizuri. Juu kina kioo kidogo kinachoinama mbele na nyuma, miguu imechongwa, hakina vumbi hata kwenye nyufa. Kapaka nta kila mwaka, nilijua kwa harufu. Na mashimo yale matatu yamekaa wazi. Akaisukumia droo ya juu. Ikaingia kama siagi. Akaingiza ya katikati. Ikaingia. Akaisukuma ile ya juu kwa kidole, pole pole, na ya katikati ikatoka kidogo, yenyewe.

"Sasa mtazame binti yangu," akasema. Kwa sauti ya Baba! Ile ya dukani, ya puani! Nilicheka mpaka machozi, na machozi yalipokuja hayakuwa ya kicheko tena, nikaenda kuchukua mikate ambayo tayari ilikuwa mezani.

Niliporudi alikuwa anajaribu ile kubwa. Ilifika nusu. Ikakwama. Akaisukuma — hapana. Akaivuta — hapana. Imeuma kama jino. Akaweka sikio, akaigonga hapa na pale, akatoa kisu cha mfukoni na kukikunjua.

"Wiebe Terpsma," Shangazi akasema. "Leo ni siku gani?"

Kisu kikasimama hewani.

"Ni kukwangua kidogo tu, Shangazi. Upande huu tu."

"Kukwangua ni kazi."

"Bwana wetu mwenyewe alisema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya sabato, mtu amtoe."

"Huyu ni ng'ombe?"

"Amekwama, si amekwama?"

"Atakaa kisimani hadi kesho. Hanywi maji, ameshayanywa ya kutosha."

Wakatazamana. Mimi nilikuwa upande wa ng'ombe, lakini nilinyamaza, kwa sababu ghafla niliona kilichotokea, na nadhani Wiebe naye alikiona wakati huo huo. Droo haiingii na haitoki. Sanduku halifungi, droo imejitokeza nusu. Hawezi kukirudisha kikabati nyumbani. Hawezi kuziacha droo bila kuacha kikabati. Akakunja kisu. Akakirudisha mfukoni.

"Kesho, basi," akasema. "Nitakuja na randa na msasa. Tukipata kitu cha kubania, na gundi ya moto... kesho."

Kesho! Sijui kama alisikia alivyosema tukipata.

Nikamwuliza juu ya Arizona, nikitazama kikombe changu. Wanaondoka Jumamosi, tarehe ishirini na sita. Nikasema wanasema hewa ni nzuri kule. Akasema ndiyo, wanasema. Akakigeuza kikabati kidogo, kioo kikammulika usoni.

"Hewa kavu ile itakipasua," akasema. "Mbao hii imezoea hapa."

Nilitaka kumwambia: na wewe? Wewe umezoea wapi? Nilimpa mkate mwingine na akaula wote, wa tatu huo, kwa mtu ambaye Geneva husema hali chochote.

Alipoondoka alisimama tena mlangoni na kofia. Nilidhani sasa analisema lile neno, naomba. Mimi pia nilikuwa nalo mdomoni. Akasema mvua itanyesha usiku. Nikasema ndiyo, inaelekea. Sisi ni watu gani!

Jioni kanisani alikaa upande wake, mimi upande wangu. Ila wakati wa zaburi ya mwisho aligeuza kichwa.

Kikabati kiko juu ya meza yangu ya kushonea, droo imetoka nje kama ulimi. Shangazi amekifunika kwa leso. Nimekifunua.

Jumatatu, 7 Mei

Nimeamka mapema, nimetandika meza kwa gazeti la zamani, nimeweka taa ya kushonea karibu. Kahawa iko tayari. Nimempigia Bi Lubbers. Nikamwambia asikichukue kile cha wanasesere, asubiri kidogo. Akauliza asubiri nini, je, tumeombana? Nikamwambia hapana. Hakuna aliyeomba. Akasema anasubiri hadi Jumatano.

Mvua imenyesha, Wiebe alisema kweli. Bado inanyesha.

Gari lake limesimama nje.

Limesimama kitambo sasa. Ninaandika nimesimama, dirishani, kitabu juu ya kizingiti. Amezima injini. Namwona kupitia kioo, mikono yote miwili juu ya usukani, kisanduku cha vyombo vya ufundi kwenye kiti cha pembeni. Aliweka mkono kwenye mlango. Akautoa. Anatazama mbele, barabarani, ambako hakuna kitu.

Shangazi amekuja nyuma yangu. "Anakohoa?" Sijui, nimesema, haisikiki kwa mvua. "Mbona haingii?"

Najua kwa nini haingii. Jana alikuja kumsalimu Shangazi. Jana kulikuwa na sababu nzuri, ya heshima, mtu yeyote angeikubali. Leo hakuna salamu za Shangazi wala Jumapili. Leo akishuka, amekuja kwangu.

Nimejiambia maisha yangu yote kwamba mdogo ndiye huja kwa mkubwa. Shangazi anasema kahawa itapoa. Wiebe ameweka tena mkono kwenye mlango wa gari. Sijui kama anafungua au anawasha gari — koti langu liko wapi, koti — basi, natoka hivi hivi.